Fahamu Kazi za Nyumbani kwa Mwanafunzi wa Shule ya Msingi: Kuandika, Kuhesabu na Imla

Na Mwandishi Wetu, Pwani

Katika Kata ya Ubena, Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze mkoani Pwani, maneno "kazi za nyumbani" yana maana mbili zinazogombea saa zilezile za jioni. Maana ya kwanza ni kuteka maji, kutafuta kuni, kumlea mdogo na kusaidia biashara ndogo kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Maana ya pili ni zoezi ambalo mwalimu amelitoa darasani ili mwanafunzi alifanye akiwa nyumbani na kulirejesha shuleni siku inayofuata.

Makala haya yanahusu maana ya pili. Yanaeleza lengo la zoezi la nyumbani, namna linavyofanyika katika kuandika, kuhesabu na imla, na wajibu wa mzazi au mlezi, akiwemo yule ambaye mwenyewe hakubahatika kusoma.

Kwa nini miaka ya mwanzo ina uzito

Tangu mwaka 2015, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili nchini umejikita katika stadi tatu za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zinazojulikana kwa kifupi kama KKK. Stadi hizi ndizo ufunguo wa masomo mengine yote, kwa kuwa mwanafunzi anayefika Darasa la Tatu bila kuzimudu hukutana na Sayansi, Jiografia na Historia zilizoandikwa katika vitabu asivyoweza kuvisoma.

Uzito huo umeongezeka kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Chini ya sera hiyo, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Utekelezaji wa mtaala mpya ulianza Januari 2024, ambapo kwa upande wa shule za awali na msingi ulihusisha Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Aidha, Baraza la Mitihani la Tanzania huendesha upimaji wa kitaifa kwa wanafunzi wa Darasa la Nne. Kwa hiyo, muda wa kufidia pengo la miaka ya mwanzo umepungua, na dakika chache za mazoezi ya jioni zimepata thamani kubwa zaidi.

Kuandika

Kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, zoezi la kuandika huanza na herufi, kisha silabi, maneno na hatimaye sentensi fupi. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake nyingi huandikwa kama zinavyotamkwa. Mtoto aliyezimudu ba, be, bi, bo, bu anaweza kuunda maneno baba, bibi na babu bila kukariri kila neno peke yake.

Mambo ya kuangalia katika daftari ni machache: tarehe imeandikwa, herufi zimekaa juu ya mstari, sentensi imeanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta, na maneno yametenganishwa. Mwanafunzi wa Darasa la Tatu na kuendelea anaweza kupewa zoezi la kueleza jambo analolifahamu, kwa mfano namna mihogo inavyopandwa au safari ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Zoezi la aina hiyo humjengea uwezo wa kupanga mawazo, jambo ambalo kunakili ubao peke yake hakuwezi kulifanya.

Kuhesabu

Hesabu za nyumbani hazihitaji vifaa vya gharama. Vijiti, mbegu na vizibo vya soda vinatosha kumfundisha mtoto kujumlisha, kutoa na kufunga mafungu ya kumi.

Kosa linalostahili kuangaliwa zaidi ni la kutoa kwa kukopa. Mtoto akiulizwa 52 kutoa 27, huenda akaandika 35, kwa sababu ametoa 2 kutoka 7 badala ya kukopa kumi moja. Jibu sahihi ni 25. Njia ya kumsaidia ni kufunga vijiti 52 katika mafungu matano ya kumi na vijiti viwili vya pembeni, kisha kumtaka aondoe 27. Atalazimika kufungua fungu moja, na hapo ataona kwa macho maana ya kukopa.

Fedha za matumizi ya nyumbani nazo ni somo. Mtoto aliyetumwa dukani na shilingi 5,000, akanunua mafuta ya shilingi 1,200 na sukari ya shilingi 1,500, anapaswa kurudi na shilingi 2,300. Akitakiwa kueleza alivyoipata chenji hiyo, amefanya hesabu ya kujumlisha na ya kutoa kwa pamoja.

Imla

Imla ni zoezi ambalo msomaji hutaja neno na mwanafunzi huliandika bila kuliona. Lengo lake ni tahajia, yaani kuandika maneno kwa usahihi. Ukanda huu una wakazi wenye lugha mbalimbali za nyumbani, zikiwemo Kikwere, Kizaramo na Kizigua, na ni kawaida matamshi ya mazoea kuingia katika maandishi.

Tofauti ya herufi moja hubadili maana nzima. Kura si kula, mahali si mahari, dhana si zana, na thamani si samani. Vivyo hivyo, ng'ombe huandikwa kwa king'ong'o, ilhali ngome haina. Maneno matano kwa jioni moja yanatosha, mradi yale yaliyokosewa yarudiwe kesho yake.

Mzazi asiyejua kusoma

Kutosoma hakumwondolei mzazi nafasi yake. Anaweza kuuliza kila jioni kama kuna zoezi, kumtaka mtoto asome kwa sauti alichokiandika, na kuangalia alama za mwalimu katika kurasa zilizotangulia. Kaka au dada wa darasa la juu anaweza kutaja maneno ya imla.

Jambo la kuepukwa ni kumfanyia mtoto kazi yake. Kosa lililoandikwa na mtoto humwonesha mwalimu mahali pa kuanzia, lakini jibu sahihi la mtu mzima humficha mwalimu tatizo.

Wajibu wa kila upande

Serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila ada Januari 2016 kupitia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Hata hivyo, sare, madaftari na kalamu vimebaki kuwa jukumu la mzazi. Kwa upande wake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpatia mtoto elimu na malezi, na pia inatambua haki yake ya kucheza na kupumzika.

Matakwa hayo yote yanaweza kutimizwa katika jioni moja endapo ratiba itapangwa vizuri. Inashauriwa zoezi lifanyike mapema, kabla giza halijaingia, hasa katika kaya zisizo na umeme. Kwa Darasa la Kwanza na la Pili, dakika 15 hadi 20 kila siku zinafaa zaidi kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Kazi za kaya nazo zigawanywe kwa usawa, ili mtoto wa kike asifungue daftari usiku akiwa amechoka wakati kaka yake alikwishamaliza.

Kwa mwalimu, zoezi liwe fupi, litokane na somo lililofundishwa, na lisahihishwe. Zoezi lisilosahihishwa humzoesha mtoto kurudia kosa lilelile.

Uzoefu wa mwaka 2020 unatoa funzo. Shule zilipofungwa Machi kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, hadi shule za msingi zilipofunguliwa tena Juni 29, nyumbani ndiko kulikobaki kuwa mahali pa kujifunzia.

Mzazi anayeona mtoto wake haleti zoezi lolote kwa muda mrefu, au anashindwa mazoezi yaleyale kila mara, anashauriwa kuanza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Endapo suala halitapata ufumbuzi, kamati ya shule na Afisa Elimu Kata ndio ngazi zinazofuata. Ni vyema kwenda na daftari la mtoto, kwa kuwa ndilo litakaloonesha tatizo lilipo.