Kifo cha Mgema: Karamu, Tembo na Historia ya Kazi katika Riwaya ya Kifantasia ya Amos Tutuola

Uchambuzi wa bunilizi za kifantasia aghalabu huichukulia karamu kuwa pambo la masimulizi. Riwaya ya Mnigeria Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard, iliyochapishwa na Faber and Faber jijini London mwaka 1952, yapinga mkabala huo. Makala haya yanadai kuwa riwaya hiyo ni ushahidi wa historia ya kazi inayoibeba karamu, kazi ambayo sera za pombe za kikoloni hazikuithamini.

Msimulizi ni mtoto wa tajiri. Baba yake amempa shamba la michikichi 560,000 na kumwajiri mgema anayemletea mapipa madogo 150 ya tembo kila asubuhi na 75 jioni. Marafiki hawakatiki nyumbani. Siku moja mgema anaanguka kutoka mtini na kufa. Tembo likiisha, marafiki nao wanatoweka. Wagema wengine hawawezi kukidhi haja yake. Ndipo anapofunga safari kuelekea Mji wa Wafu kumtafuta marehemu.

Hesabu hizo ni za kifantasia, lakini msingi wake ni halisi. Utomvu wa mchikichi huanza kuchachuka wenyewe mara tu baada ya kugemwa, na baada ya siku moja hivi huwa mkali. Kwa hiyo hauwekeki akiba: karamu ya leo hutegemea mtu aliyepanda mti leo. Katika jamii za Wayoruba, alikokulia Tutuola, tembo hilo lina nafasi katika harusi, mazishi na ibada. Kifo cha mgema, basi, ni kuvunjika kwa baraza zima.

Sheria za kikoloni zilikitazama kinywaji kwa jicho jingine. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ushuru wa pombe kali kutoka Ulaya ulikuwa nguzo kuu ya mapato ya serikali kusini mwa Nigeria. Katika miaka ya 1930, wenyeji walipokeneka pombe kali kutokana na tembo, kazi hiyo ilihesabiwa kuwa jinai. Pombe ya meli ilijaza hazina. Ya mchikichi ilijaza mahabusu.

Mapokezi ya riwaya yalibeba mvutano unaofanana na huo. Dylan Thomas aliisifu nchini Uingereza, ilhali baadhi ya wasomi wa Nigeria walihofu kwamba ingewaonyesha wananchi wao kuwa walevi na washirikina. Pande zote mbili zilimtazama zaidi mnywaji, mgema alisahauliwa.

Tutuola hakumsahau. Katika Mji wa Wafu mgema hawezi kurudi na walio hai, ila anatoa yai la ajabu. Wakati wa njaa yai hilo linalisha umati, umati unalivunja, kisha unatawanyika kama marafiki wa awali.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo yaonya dhidi ya sifa. Riwaya ya Tutuola yaonya dhidi ya usahaulifu. Kwa mshauri wa sera, funzo ni kwamba sheria ya vinywaji vya jadi inayohesabu chupa na ushuru pekee huacha nje ujuzi, riziki na ujirani. Vitu hivyo vikishazikwa chini ya mti, havirudishwi kwa amri.