Tuta la Kurushia Besiboli Linalohamishika: Vipimo, Utengenezaji na Usalama wa Mrushaji

Shule na vikundi vya vijana vinavyocheza besiboli katika viwanja vinavyotumika pia kwa soka na riadha vinaweza kupata tuta la kurushia bila kuchimba wala kujaza udongo uwanjani, iwapo vitatengeneza tuta la mbao linalohamishika. Tuta la watoto wenye umri usiozidi miaka 12 linaweza kutengenezwa na fundi seremala kwa kipande kimoja kizima cha plaiwudi na mbao tatu za futi 12, kisha likabebwa katika sehemu mbili. Hata hivyo, tuta lenye mteremko usio sahihi, au linalosogea mchezaji anapolikanyaga, linaweza kumdhuru mtoto zaidi ya kurushia kwenye ardhi tambarare.

Tuta la kurushia ni nini

Katika besiboli, mrushaji husimama katikati ya uwanja na kurusha mpira kuelekea kwa mdakaji, huku mpigaji akiwa pembeni mwa bamba lenye pembe tano. Mahali anaposimama mrushaji huinuliwa kidogo kuliko sehemu nyingine za uwanja, na mwinuko huo ndio unaoitwa tuta. Juu ya tuta huwekwa bamba la mpira ambalo mrushaji hulikanyaga kwa mguu wa nyuma kabla ya kurusha. Mbele ya bamba hilo tuta hushuka kwa mteremko, ambako mguu wa mbele hutua.

Kwa mujibu wa kanuni za ligi kuu ya Marekani, tuta la watu wazima lina kimo cha sentimita 25.4 juu ya bamba la mpigaji. Umbali kutoka bamba la mrushaji hadi ncha ya nyuma ya bamba la mpigaji ni mita 18.44. Mteremko huanza sentimita 15 mbele ya bamba la mrushaji na hushuka inchi moja kwa kila futi moja, yaani takriban sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Kwa watoto wa hadi miaka 12 wanaocheza chini ya kanuni za Little League, kimo hupungua hadi sentimita 15.2 na umbali hadi mita 14.02. Kanuni hizo ndizo zilizotumika mwaka 2012, wakati timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania, Marekani.

Kwa nini sentimita chache zina uzito

Historia ya mchezo huo inaonesha kuwa kimo cha tuta si jambo dogo. Hadi mwaka 1968 kimo kilichoruhusiwa katika ligi kuu ya Marekani kilikuwa sentimita 38.1. Mwaka huo warushaji walitawala mchezo kupita kiasi: Bob Gibson wa St. Louis alimaliza msimu kwa wastani wa mikimbio 1.12 tu iliyofungwa dhidi yake kwa kila vipindi 9, na Carl Yastrzemski wa Boston akawa bingwa wa upigaji wa American League kwa wastani wa 0.301, ambao ni wa chini kuliko wa bingwa yeyote wa upigaji katika historia ya ligi kuu. Mwaka 1969 kimo kilishushwa hadi sentimita 25.4, na kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi sasa.

Fundisho kwa walimu wa michezo ni kwamba mrushaji hubadili mwendo wa mwili wake kufuatana na tuta. Mtoto aliyefanya mazoezi kwenye ardhi tambarare kwa miezi kadhaa, kisha akapandishwa kwenye tuta siku ya mechi, hukuta mguu wake wa mbele ukichelewa kugusa ardhi kwa kuwa ardhi imeshuka. Mwili hutangulia, mkono hubaki nyuma, na nguvu ambayo ingetoka miguuni na kiunoni huangukia bega na kiwiko. Kwa sababu hiyo, mrushaji anapaswa kufanyia mazoezi kwenye tuta linalolingana na lile atakalolichezea.

Sababu za kuchagua tuta linalohamishika

Tuta la kudumu hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na linahitaji kumwagiwa maji, kufunikwa wakati wa mvua na kuzibwa mashimo kila baada ya mchezo. Aidha, tuta hilo haliwezi kuachwa katikati ya uwanja wa soka, kwa kuwa wachezaji watajikwaa. Nchini Tanzania, ambako besiboli ilienea katika shule za sekondari katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano na wadau kutoka Japani, na mashindano ya shule yakapewa jina la uwanja maarufu wa Koshien wa nchini humo, shule nyingi zina uwanja mmoja unaohudumia michezo yote. Tuta la mbao hutandazwa saa ya mazoezi na kuondolewa baada ya hapo.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa tuta la watoto lenye kimo cha sentimita 15.2, vifaa vifuatavyo vinatosha:

- Kipande kizima cha plaiwudi chenye unene wa milimita 18, upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 244.
- Mbao tatu za inchi mbili kwa sita zenye urefu wa futi 12, zilizonyooka, zilizokauka na zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa.
- Zulia la nyasi bandia lenye unene wa takriban milimita 7, la kutosha kufunika plaiwudi yote.
- Kipande cha mpira mgumu chenye urefu wa sentimita 46 na upana wa sentimita 10. Mpira wa tairi la lori uliokatwa na kusawazishwa unafaa.
- Skrubu za sentimita 5, gundi ya mbao isiyoathiriwa na maji, vipande viwili vya bapa la chuma vyenye urefu wa sentimita 40, na bolti zenye nati za vipepeo zinazokazwa kwa mkono.

Hatua za utengenezaji

Kwanza, plaiwudi ikatwe katika vipande viwili: kimoja cha sentimita 92, ambacho kitakuwa jukwaa la kusimamia, na kingine cha sentimita 152, ambacho kitakuwa mteremko. Upana wa sentimita 122 usiguswe.

Pili, mbao zote zipunguzwe upana hadi sentimita 12.7, yaani inchi tano kamili. Kipimo hiki ndicho msingi wa kazi yote. Fremu ya inchi tano inayoshuka hadi sifuri katika urefu wa futi tano hutoa mteremko wa inchi moja kwa kila futi bila hesabu nyingine. Unene wa plaiwudi ukijumlishwa na wa zulia ni sentimita 2.5, na hivyo kimo cha juu hufikia sentimita 15.2 zinazotakiwa.

Tatu, itengenezwe fremu ya jukwaa. Mbao mbili za sentimita 122 ziwekwe mbele na nyuma, na mbao nne za sentimita 82 zifungwe kati yake kwa nafasi zinazolingana. Plaiwudi ya sentimita 92 ipakwe gundi na kufungwa juu yake kwa skrubu, moja kwa kila sentimita 20, na vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao.

Nne, zikatwe kabari za mteremko. Mbao mbili za sentimita 152 zipasuliwe kutoka pembe moja hadi pembe ya upande wa pili, na kila moja itatoa kabari mbili zinazofanana. Kabari nne zipangwe sambamba, na vipande vitatu vya sentimita 34 vifungwe kati yake kwenye mwisho mrefu ili zisipinde. Kwenye ncha nyembamba itumike gundi, kwa kuwa skrubu hupasua mbao. Plaiwudi ya sentimita 152 ifungwe juu, kisha ukingo wake wa mbele uchongwe kwa randa hadi ulale karibu na ardhi.

Tano, sehemu mbili ziunganishwe. Kila upande uwekewe bapa la chuma linalovuka kiungo, likishikwa na bolti ambazo nati zake ziko nje, ili kuzikaza na kuzilegeza kusihitaji kugeuza tuta. Kila sehemu itakuwa na uzito wa takriban kilo 30 hadi 40 na inapaswa kubebwa na watu wawili au zaidi.

Sita, zulia libandikwe kwa gundi, kila sehemu na lake, bila kuacha mkunjo. Bamba la mpira liwekwe katikati ya upana wa jukwaa, ukingo wake wa mbele ukiwa sentimita 15 nyuma ya mahali mteremko unapoanzia. Zulia likatwe mahali hapo ili bamba likae usawa na uso wa jukwaa, na bolti zinazolishika zisichomoze.

Tuta la vijana wakubwa na watu wazima

Kwa wanaorusha kutoka mita 18.44, kanuni ya kazi ni ileile lakini vipimo huongezeka. Fremu iwe na kimo cha sentimita 22.9, yaani inchi tisa, na mteremko wenye urefu wa sentimita 274, yaani futi tisa. Zitahitajika plaiwudi mbili na mbao pana za inchi mbili kwa kumi. Bamba la mrushaji ni la sentimita 61 kwa 15.2. Plaiwudi za mteremko zikiungwa, kiungo kiegemee juu ya ubao wa kukingama uliofungwa kati ya kabari.

Haishauriwi kutumia tuta moja kwa rika zote. Mtoto wa miaka 10 hapaswi kurushia kwenye tuta la sentimita 25, na kijana mwenye hatua ndefu hutua nje ya tuta dogo. Katika tuta dogo, umbali kutoka mbele ya bamba hadi mwisho wa mteremko ni sentimita 167. Mguu wa mbele wa mrushaji unapaswa kutua wote ndani ya umbali huo.

Ukaguzi kabla ya mrusho wa kwanza

Kimo cha tuta hupimwa kutoka bamba la mpigaji, si kutoka ardhi iliyo chini ya tuta. Katika uwanja usio tambarare, tofauti inaweza kufikia sentimita kadhaa. Mafundi ujenzi hutumia mpira mwembamba unaopitisha nuru, uliojazwa maji, kulinganisha usawa wa sehemu mbili zilizo mbali, na njia hiyo inafaa hapa. Pale ardhi ilipo chini, ijazwe mchanga na kushindiliwa kabla ya kuweka tuta.

Jukwaa likaguliwe kwa pima maji. Mteremko ukaguliwe katika sehemu tatu, juu, katikati na chini, kuhakikisha unashuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Baada ya hapo, mtu mzima aruke na kutua kwenye mteremko mara kadhaa. Tuta likisogea, likibonyea au likitoa mlio wa mbao kuachana, lisitumike hadi litengenezwe. Kwenye udongo, liimarishwe kwa vigingi vya chuma vinavyopita kwenye matundu ya fremu, na vichwa vya vigingi visizidi uso wa tuta. Kwenye sakafu ya saruji, litandikiwe mpira chini ili lisiteleze.

Wachezaji wavae viatu vya mpira au vyenye meno ya mpira, kwa kuwa meno ya chuma huchana zulia. Zulia lililoloa huteleza, hivyo mazoezi yasitishwe mvua inaponyesha. Tuta likaushwe na kuhifadhiwa likiwa limeinuliwa juu ya matofali, mbali na mchwa.

Tuta la aina hii hutumika zaidi kwa mazoezi. Tuta rasmi la watu wazima ni duara lenye kipenyo cha mita 5.49, ambalo humpa mrushaji nafasi ya kukimbilia mpira pande zote. Tuta la mbao lina upana wa sentimita 122 tu, na kingo zake zinaweza kuumiza kifundo cha mguu. Kulitumia katika mechi kutegemee idhini ya waandaaji wa mashindano.

Ukomo wa mirusho

Tuta zuri haliondoi wajibu wa kuhesabu mirusho. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya Marekani kwa kushirikiana na chama cha USA Baseball, unaweka ukomo wa mirusho kwa siku ya mechi kama ifuatavyo: miaka 7 hadi 8, mirusho 50, miaka 9 hadi 10, mirusho 75, miaka 11 hadi 12, mirusho 85, miaka 13 hadi 16, mirusho 95, na miaka 17 hadi 18, mirusho 105. Mtoto wa miaka 14 au chini ya hapo aliyerusha mara 66 au zaidi anapaswa kupumzika siku nne kabla ya kurusha tena katika mechi.

Walimu wa michezo wanashauriwa kuandika idadi hiyo katika daftari la timu, pamoja na mirusho ya mazoezini, ambayo nayo huchosha mkono. Mtoto anayelalamika maumivu ya bega au kiwiko aachishwe kurusha siku hiyohiyo na apelekwe kituo cha afya, hata kama idadi yake haijafikia ukomo.