Mbunge akimuuliza waziri, kunafuata nini?

Wasikilizaji wanatuuliza: mbunge wa upinzani akimwita waziri ajieleze juu ya usalama ao barabara zetu, inasaidia nini?

Katiba ya 2006, kifungu cha 138, inampa mbunge haki ya kuuliza serikali kwa maandishi ao kwa kinywa, pamoja na mjadala ao bila mjadala. Bunge linaweza tena kuunda tume ya uchunguzi. Mara nyingi waziri anasikiliza maulizo, kisha anaomba masaa 48 ili arudi na majibu.

Ulizo peke yake halimfukuzi waziri. Ili aondoke, inaomba mosheni yenye sahihi za moja ya kumi ya wabunge, ni kusema 50 kati ya 500, kisha kura 251. Zile 50 upinzani unaweza kuzitafuta. Zile 251, bila watu wa upande wa serikali, ni vigumu sana.

Kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri jambo ni zito zaidi. Tangu mwezi wa tano 2021, chini ya utawala wa kijeshi, bunge la jimbo limesimamishwa. Gavana hana wa kumuuliza jimboni. Anabaki mbunge wa taifa, kule Kinshasa, akimuuliza waziri wa ulinzi juu ya mauaji, ao wa fedha juu ya ile 40 % ya mapato ambayo kifungu cha 175 kinaachia majimbo.

Majibu yanatolewa mbele ya watu, isipokuwa milango ikifungwa, na kwa mambo ya jeshi inafungwa mara nyingi. Mbunge wenu akirudi likizoni, mumuulize waziri alijibu nini.