Saa ya Kibosho na Hitilafu ya Takwimu

Katika mteremko wa Kibosho, jua hufika utosini wakati Greenwich ingali na takriban saa mbili na dakika 29 kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo saa ya asili ya mahali pale, nayo haikuhitaji sheria. Saa za ofisi, reli na misheni zilikuja baadaye, zikabadilishwa kwa amri za serikali mara kwa mara.

Tuseme mwanafunzi anasoma daftari la joto na mvua la mwaka 1935, mwaka mmoja tu baada ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, jirani na Kibosho, kuanza kazi. Anaingiza vipimo katika R, programu huria ya takwimu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na kutangazwa mwaka 1993. Anaandika kwamba kipimo kilichukuliwa saa tatu asubuhi kwa majira ya Dar es Salaam. Kompyuta yake yajibu kwamba Greenwich ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kompyuta ya mwenzake, kwa amri ile ile, yasema saa kumi na mbili kamili.

Kwanza hana budi kujikagua mwenyewe. Huenda aliandika 3 mahali ambapo mashine yangoja 9, kwa kuwa sisi twahesabu saa tangu mapambazuko na mashine yahesabu tangu usiku wa manane. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko yote, wala si la programu. Lakini hapa wote wawili wameandika sawasawa.

Wala waandishi wa R hawana hatia. R haina elimu yake yenyewe ya majira. Huichukua katika hazina ya majira ya saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ikaendelezwa na Paul Eggert. Mambo mengi ya kale katika hazina hiyo yalitoka katika atlasi ya Thomas Shanks, iliyotungwa kwa ajili ya wanajimu wanaopiga falaki za watu kwa saa ya kuzaliwa. Atlasi hiyo ilisema kwamba Dar es Salaam ilitangulia Greenwich kwa saa tatu tangu 1931. Mwaka 2014 mstari huo uliondolewa ukawekwa katika faili ya akiba, na jina la Dar es Salaam likafungwa kwa Nairobi, kwa kanuni kwamba miji iliyoafikiana tangu 1970 yatosha kuwa na historia moja. Nairobi mwaka 1935 ilikuwa mbele kwa saa mbili na nusu. Baadhi ya wasambazaji wa mifumo ya kompyuta huitumia faili ya akiba, wengine hawaitumii. Ndiyo maana majibu ni mawili.

Nusu saa haiongezi tone katika kipimo cha mvua, nakiri. Ila joto la asubuhi mlimani hupanda upesi, na anayelinganisha vituo vya nchi mbili atapotea.

Kenya ilitendewa haki mwaka 2020. Mtu mmoja aliyajulisha matangazo ya Gazeti la Serikali, na tarehe za Nairobi zikasahihishwa: saa mbili na nusu tangu Mei 1908, saa tatu kati ya 1928 na 1930, saa mbili na nusu tena hadi mwisho wa 1936, kisha saa mbili na dakika 45 hadi mwisho wa Julai 1942. Hapo awali hazina ilidai kwamba hizo dakika 45 zilidumu hadi 1960. Hitilafu ya miaka kumi na saba na zaidi iliondolewa kwa karatasi za nyaraka, wala si kwa ufundi wa kompyuta.

Naona wanahistoria wetu hudhani kwamba kuripoti hitilafu ni kazi ya mafundi. Ripoti njema huonyesha amri iliyotumika, jibu lililotolewa, jibu lililotarajiwa, toleo la programu na la hazina, kisha ushahidi. Mambo manne ya kwanza mwanafunzi wetu wa Kibosho anaweza kuyaandika leo jioni. La tano limo katika Gazeti la Serikali la Tanganyika.