Kaburi Ndani ya Kibanja

Njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, inakatiza Missenyi, Bukoba na Muleba. Huko kibanja cha Mhaya kina nyumba, migomba, mibuni na wazee waliozikwa humo. Kaburi likiwa njiani, linahamishwa. Makala zinazoliweka jambo hili kwenye fungu la mila na imani hunikera: kaburi ni ushahidi wa ardhi pia.

 Katika historia ya ardhi hapa, kilichobeba uzito ni mfumo wa nyarubanja. Mkama, yaani mtawala, aliweza kumgawia mtwazi, yaani bwana wa ardhi, vibanja pamoja na watu waliokaa humo. Waliolala wenyeji wakaamka wapangaji. Wajerumani waliuacha mtindo huo ukaenea, Waingereza wakaujadili miaka nenda rudi, hadi sheria ya 1965 ilipoufuta. Wengi wamesimulia ugomvi wa wapangaji na mabwana hao kama ugomvi wa kodi. Kodi ilikuwepo, sikatai. Lakini mtu mwenye baba na babu chini ya migomba ileile angekubalije kuitwa mpangaji? Hati hakuwa nayo. Makaburi alikuwa nayo.

Tena mengi ya zamani hayana saruji wala msalaba: ni mwinuko mdogo uliofunikwa majani makavu ya mgomba, na mwenye nyumba akipalilia huuzunguka bila kuambiwa. Mthamini mgeni wa bomba ataukanyaga.

Kusema hivi si kuutetea ukoo kwa kila kitu. Jina lake limetumika kuwanyima wanawake haki ya ardhi, hadi kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, ikafika Mahakama Kuu Mwanza na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke Mhaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Haki tupu.

Sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969 inalipia kufukua, kusafirisha, kuzika upya, hata tambiko. Ushahidi unaopotea haiulipii. Jirani akisogeza mpaka kwenye kipande cha kibanja kilichobaki, mzee ataonyesha nini?

Basi kabla jembe halijashuka, iandikwe ni kaburi la nani, lilikuwa upande gani wa nyumba na kibanja kinapakana na nani. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Hilo halisubiri Bunge.