"Kanake": Neno 'mtu' lilivyogeuzwa tusi

Litamke neno "Kanake" leo jijini Berlin mbele ya kijana mwenye asili ya Kituruki, kisha ujiandae kwa ugomvi. Ni tusi zito. Ila ukilifuata hadi lilikotoka utastaajabu. Katika Kihawaii, "kanaka" ni mtu, binadamu. Basi! Wamaori husema "tangata", na mzizi ni ule ule.

Mabaharia wa karne ya 19 walilizoa neno hilo katika Bahari ya Pasifiki wakambandika kila mwenyeji wa visiwa vile, awe Mhawaii au la. Huko Queensland, Australia, likawa jina la vibarua wa visiwani waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa, baadhi yao kwa hila au kwa nguvu. Wajerumani, waliojitwalia sehemu ya New Guinea mwaka 1884 na Samoa mwaka 1900, nao wakalitumia. Dharau ilikuwa imeshaingia, kwa kuwa aliyeitwa hivyo aghalabu alikuwa mtawaliwa au kibarua.

Makoloni yalipowatoka Wajerumani, neno lilibaki. Ujerumani Magharibi ikatia saini mikataba ya kuajiri wafanyakazi kutoka Italia mwaka 1955, Uhispania na Ugiriki mwaka 1960, na Uturuki mwaka 1961. Tusi likapata wenyewe wapya. Hebu fikiria, mkulima wa Anatolia na mvuvi wa Hawaii wana undugu gani? Hawana, isipokuwa kwamba wote wawili walitazamwa kama watu wa kazi za chini. Nasi tunajua jinsi neno la Kiarabu "kafiri", yaani asiyeamini, lilivyofanywa tusi la Mwafrika kule Afrika Kusini.

Mwaka 1993 nyumba ya familia ya Kituruki ilichomwa mjini Solingen, wakafa wanawake na wasichana watano. Miaka miwili baadaye Feridun Zaimoglu, mzaliwa wa Uturuki aliyekulia Ujerumani, alichapisha kitabu *Kanak Sprak*. Tusi likawa jina la kujivunia, na mwaka 1998 likaundwa kundi la Kanak Attak lililopinga ubaguzi.

Wapo wanaodai ati sasa neno limetakasika. Mie sikubali. Vijana wakiitana hivyo wao kwa wao, ni utani. Polisi akilitamka huku akidai kitambulisho, ni lile lile la zamani. Kwa hiyo mwalimu wa Kijerumani asiliorodheshe tu kama msimu wa mtaani. Awaambie wanafunzi wake nani hulitumia, na kwa nani.