Drum and bass ya Bristol

Drum and bass ya Bristol ni tawi la muziki wa drum and bass lililokua katika mji wa Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza, tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Linajulikana kwa besi nzito inayotokana na rege na dub, na kwa ma-DJ waliojifunza kazi yao mtaani kabla ya kufahamika nje ya mji. Miongoni mwao ni Roni Size, Krust, DJ Die na Suv. Kundi lao la Reprazent lilishinda Tuzo ya Mercury mwaka 1997.

Asili

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wahamiaji wengi kutoka visiwa vya Karibi, hasa Jamaika, walifika Bristol. Wengi waliishi mtaa wa St Pauls na mitaa ya jirani. Walikuja na desturi ya saundi sistimu, yaani kikosi cha watu wenye spika kubwa, vikuza sauti na santuri zao, ambao hupiga muziki kwenye nyumba, kumbi na barabarani. Tamasha la St Pauls, lililoanza mwaka 1968, liliwapa vijana nafasi ya kusikia saundi sistimu hizo hadharani kila mwaka.

Mtaa huo ulikuwa na umaskini, na uhusiano kati ya vijana weusi na polisi ulikuwa mbaya. Tarehe 2 Aprili 1980 ghasia zilizuka St Pauls baada ya polisi kuvamia mkahawa mmoja. Klabu nyingi za katikati ya mji hazikuwakaribisha vijana hao, kwa hiyo karamu za majumbani ndizo zilizokuwa ukumbi wao.

Katika miaka ya 1980 kikosi cha The Wild Bunch kilichanganya rege, soul, funk na hip hop katika karamu hizo. Baadhi ya wanachama wake waliunda kundi la Massive Attack. Wakati huohuo Smith & Mighty walikuwa wakitengeneza muziki wenye besi nzito. Wao ndio waliotayarisha wimbo wa kundi la Fresh 4 ulioingia katika chati za Uingereza mwaka 1989. Wawili wa kundi hilo, Krust na Suv, baadaye walikuwa ma-DJ wa drum and bass.

Sifa za muziki

Drum and bass huwa na kasi ya midundo 160 hadi 180 hivi kwa dakika. Ngoma zake hukatwa kutoka santuri za zamani, huongezwa kasi na kupangwa upya. Kipande kilichotumika mno ni sekunde chache za ngoma za Gregory Coleman katika wimbo "Amen, Brother" wa kundi la Kimarekani The Winstons (1969). Chini ya ngoma hizo besi mara nyingi hutembea kwa nusu ya kasi, kama ilivyo katika rege. Kwa sababu hiyo mchezaji anaweza kufuata ngoma kwa haraka au besi kwa utulivu.

Njia ya kuwa DJ

Hapakuwa na shule ya kazi hii. Kijana alianza kwa kubeba spika, kupanga santuri au kusimama karibu na meza akimtazama DJ mwenye uzoefu. Duka la santuri lilikuwa mahali pa pili pa kujifunza, kwani huko ma-DJ walikutana na kupeana habari za karamu. Redio zisizo na leseni ziliwapa baadhi yao nafasi ya kwanza ya kusikika.

Vifaa vya msingi vilikuwa meza mbili za santuri, mikseri na vipokea sauti vya masikioni. Meza ya Technics SL-1200, iliyopendwa na wengi, ina kitelezi kinachobadilisha kasi kwa asilimia 8 kwenda juu au chini. DJ husikiliza santuri ya pili masikioni, hulinganisha kasi yake na ile inayosikika ukumbini, kisha huiingiza mwanzoni mwa fungu la vipimo 16 au 32. Akikosea kidogo, ngoma za santuri mbili hugongana, na kwa kasi ya drum and bass kosa hilo husikika mara moja.

Kizuizi kikubwa kilikuwa gharama. DJ alihitaji nyimbo ambazo wengine hawakuwa nazo, na nyimbo hizo zilipatikana kwa dabupleti, yaani sahani ya alumini iliyopakwa laka na kuchongwa nakala moja tu. Ilikuwa ghali na ilichakaa baada ya kupigwa mara kadhaa. Ma-DJ wa Bristol walisafiri hadi London kuchongesha dabupleti. Aliyetengeneza muziki mwenyewe alikuwa na faida, kwani aliweza kubadilishana nyimbo na wenzake badala ya kusubiri kuzinunua. Ndiyo maana katika mji huu DJ na mtayarishaji wa muziki mara nyingi walikuwa mtu mmoja.

Kituo cha vijana

Roni Size, aliyezaliwa mwaka 1969 na wazazi kutoka Jamaika, alitoka shuleni akiwa na umri wa miaka 16. Alihudhuria karamu za The Wild Bunch na kujifunza kutengeneza muziki katika Basement Project, mradi wa vijana uliokuwa na vyombo vya studio. Bila mradi huo, vyombo kama sampla vingekuwa nje ya uwezo wa vijana wengi wa rika lake. Aliposhinda Tuzo ya Mercury, sehemu ya fedha za tuzo aliipatia Basement Project.

Mafanikio

Mwaka 1993 lebo ya Full Cycle ilianzishwa Bristol na Roni Size na wenzake. Mwaka huohuo Bryan Gee na Jumpin Jack Frost walianzisha V Recordings huko London, na lebo hiyo ilitoa kazi nyingi za mwanzo za ma-DJ wa Bristol.

Reprazent waliunganisha ma-DJ na wapigaji wa vyombo: Onallee (mwimbaji), Dynamite MC, Si John (besi) na Clive Deamer (ngoma). Albamu yao *New Forms* ilitoka mwaka 1997 kupitia lebo ya Talkin' Loud na kushinda Tuzo ya Mercury dhidi ya albamu za Radiohead, The Prodigy na Spice Girls.

Hali ya baadaye

Katika kizazi kilichofuata walikuwemo Clipz na TC. Drum and bass imeendelea kupigwa katika klabu kama Lakota na Thekla, ambayo ni meli ya zamani ya mizigo iliyotiwa nanga bandarini. Redio ya jamii Ujima, ambayo jina lake ni neno la Kiswahili, huwapa wakazi nafasi ya kutangaza na kupiga muziki.

Programu za kompyuta zimechukua nafasi ya dabupleti na kupunguza gharama ya kuanza. Hata hivyo, wimbo mpya sasa humfikia kila mtu kwa siku moja, na DJ chipukizi hatambuliki tena kwa santuri adimu pekee. Bado huhitaji ukumbi mdogo wa kumpokea, na kumbi za aina hiyo hutishiwa na ujenzi wa makazi na kupanda kwa kodi.

Tazama pia

Rege
Dub
Massive Attack
Hip hop